Mama hanywi pombe, ini limejaa mafuta: Tatizo liko wapi?

Mama wa miaka 48 anakwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa wiki kadhaa amekuwa akihisi tumbo limejaa hata kabla hajala, na jirani amemwambia huenda ni mawe kwenye nyongo. Daktari anamwandikia kipimo cha ultrasaundi. Majibu yanatoka: nyongo haina tatizo, lakini ini lina mafuta.

Swali lake la kwanza ni la pombe. Hajawahi kuionja tangu azaliwe, sasa ini lake limeharibikaje?

Nyumbani swali hilo linarudi kwa sura nyingine. Mume anaisoma karatasi mara mbili, kisha anamtazama. Ndugu wakisikia mtu ana tatizo la ini, wengi hufikiria mambo mawili tu: ulevi au homa ya ini. Mama anajikuta akijitetea kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mama huyu si mmoja. Yuko karibu kila mtaa. Umri wake ni kati ya miaka 40 na 60, uzito umepanda taratibu tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, nguo za kiunoni zimebana, presha imeanza kusumbua na sukari iko mpakani. Wengi wa aina yake hawajui kama ini limejaa mafuta, kwa sababu ini la namna hiyo kwa kawaida haliumi. Hugundulika kwa bahati, mtu alipokwenda kupima kitu kingine.

Si ugonjwa wa walevi pekee

Kila ini huwa na mafuta kidogo. Yakizidi asilimia 5, wataalamu huhesabu kuwa ini hilo lina mafuta kupita kiasi. Pombe ni chanzo kimojawapo. Hata hivyo, kundi kubwa zaidi la wagonjwa duniani ni la watu ambao tatizo lao linahusiana na uzito mkubwa, kisukari, presha na lehemu. Inakadiriwa kuwa watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana hali hii.

Kwa miaka mingi madaktari waliiita hali hiyo ini lenye mafuta lisilotokana na pombe. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya kimataifa vilikubaliana kubadili jina, vikachagua linaloeleza chanzo chenyewe, yaani mwili kushindwa kutumia na kuhifadhi chakula inavyotakiwa. Sababu mojawapo ya mabadiliko hayo ni kwamba maneno ya zamani yaliwatia wagonjwa aibu.

Kwa wengi, mafuta hukaa kwenye ini kwa miaka bila kuleta madhara makubwa. Kwa wengine ini huvimba na seli zake huumia, kisha makovu huanza kujengeka. Makovu yakiwa mengi ini husinyaa, na hapo uwezekano wa kupata saratani ya ini huongezeka. Safari hiyo huchukua miaka mingi, na ndiyo maana miaka ya 40 na 50 ni wakati mzuri wa kuikatisha.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Wenye ini lenye mafuta hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuliko kwa ini lenyewe. Kwa hiyo ile karatasi ya ultrasaundi ni taarifa kuhusu mwili mzima.

Kwa nini umri huu, na kwa nini wanawake

Mwanamke akiwa bado anapata hedhi, homoni ya estrojeni humsaidia kuhifadhi mafuta kwenye nyonga na mapaja, mahali ambapo hayana madhara makubwa. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hushuka na mafuta huanza kuhamia tumboni. Ndiyo maana mama anaweza kushangaa kuona kitambi kinakua ilhali anakula kama alivyokula siku zote.

Mafuta ya ndani ya tumbo ni mabaya kuliko yale ya chini ya ngozi. Huingia kwenye damu kwa urahisi na kulifikia ini. Pia huufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho na kuingiza sukari ndani ya seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini ikiwa nyingi huliamuru ini kutengeneza mafuta zaidi. Wakati huohuo misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya mwilini.

Mizani haisemi yote. Futi ya fundi cherehani husaidia zaidi. Hupitishwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, kiuno cha sentimita 80 ni dalili ya kuanza kuwa makini. Kikifikia sentimita 88 na kuendelea, hatari ni kubwa, na ni vema ini, sukari na presha vichunguzwe.

Mafuta hayo yanatoka wapi?

Akishaambiwa ini lina mafuta, mama anafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Anaacha mayai, anaacha nyama na anaanza kukwangua mafuta ya juu ya mchuzi. Chai yenye sukari, maandazi na sahani ya wali vinabaki palepale. Miezi 3 baadaye anapima tena, hakuna kilichobadilika.

Kosa lake liko kwenye neno “mafuta”. Mafuta ya kwenye ini hayatoki kwenye mafuta ya kula peke yake. Ini ni kiwanda, na likiletewa sukari na wanga kuliko mwili unavyohitaji, hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta na kuyahifadhi humohumo.

Siku ya mama inaeleza vizuri zaidi. Asubuhi ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Saa nne, akiwa kazini au dukani, anapata soda ya baridi. Mchana ni sahani ya wali iliyojaa, maharage ya kulowanishia na mchicha kiasi cha kuonja. Jioni akipika anaonja hapa na pale. Watoto wakibakiza chipsi au ugali anamalizia yeye, kwa sababu chakula hakitupwi. Saa tatu usiku anakula ugali na mume wake aliyechelewa kurudi, kisha analala.

Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, sawa na vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anaipata kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Mama huyo ameshavivuka kwa soda moja, na chai haijahesabiwa.

Sukari ya mezani imeundwa kwa sehemu mbili. Moja ni glukosi, inayotumiwa na karibu kila kiungo. Nyingine ni fruktosi, ambayo kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ikija nyingi na kwa haraka, kama inavyokuja kwenye soda au juisi, ini huigeuza kuwa mafuta.

Juisi ya nyumbani nayo haiko salama kama inavyodhaniwa. Glasi moja ya juisi ya machungwa huchukua machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi ambazo zingepunguza kasi ya sukari hubaki kwenye chujio. Chungwa moja likiliwa zima halina shida hiyo.

Mafuta ya kupikia nayo yana sehemu yake. Katika utafiti uliofanywa Uppsala, Sweden, na kuchapishwa mwaka 2014, vijana 39 walilishwa keki ndogo za ziada kwa wiki 7. Nusu walipewa zilizotengenezwa kwa mafuta ya mawese na nusu kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito sawasawa, lakini mafuta ya kwenye ini yaliongezeka zaidi kwa waliokula za mawese. Kwa familia za Tanzania, ambako alizeti hulimwa Singida, Dodoma na kwingineko, chaguo hilo liko karibu. Hata hivyo kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote hubeba takribani kalori 120, hivyo hata alizeti hupimwa.

Kilo chache zinatosha kuanza

Habari njema ni kwamba ini ni kiungo chenye uwezo mkubwa wa kujirekebisha, na halisubiri mtu awe mwembamba. Akipunguza asilimia 5 ya uzito, mafuta ya kwenye ini huanza kupungua. Akifikia asilimia 7 hadi 10, uvimbe nao hupungua. Kwa mama mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo 4 na nusu na asilimia 10 ni kilo 9.

Nchini Cuba, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 293 ambao ini lao lilikuwa limeshavimba kwa sababu ya mafuta. Kwa wiki 52 walipewa ushauri wa kupunguza chakula na kufanya mazoezi, na kipande cha ini kilipimwa mwanzoni na mwishoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu yao hata makovu yalipungua.

Lakini waliofikia kiwango hicho walikuwa wachache. Kujua cha kufanya ni jambo moja, na kukifanya siku 365 ni jingine. Hapa ndipo familia inapoingia.

Sufuria moja kwa nyumba nzima

Mama akirudi na ushauri wa daktari, mara nyingi huishia na sufuria mbili: ya familia na ya kwake. Ya familia ina wali wa nazi na nyama ya kukaanga. Ya kwake ina mboga za kuchemsha zisizo na chumvi. Anapika zote mbili, anapakua zote mbili, halafu anakaa pembeni na bakuli lake kama mgonjwa. Baada ya wiki tatu amechoka, mkaa umeongezeka, na sufuria ya pili inarudi kabatini.

Njia inayodumu ni kubadili sufuria moja inayoliwa na wote. Watoto nao wanafaidika, kwa kuwa mtoto mwenye uzito uliopitiliza anaweza kupata ini lenye mafuta akiwa bado shule ya msingi. Baba mwenye kitambi yuko kwenye hatari hiyohiyo.

Mabadiliko yenyewe hayahitaji chakula cha kigeni. Kinachobadilika ni vipimo kwenye sahani:

• Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi au kachumbari. Robo iwe wanga, yaani ugali wa ukubwa wa ngumi ya mlaji, wali, ndizi, mihogo au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, choroko, kunde, dagaa, samaki, mayai au kuku.

• Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe na hushibisha kwa muda mrefu. Lakini dona nayo ni wanga, hivyo kipimo cha ngumi hakibadiliki.

• Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa au kidumu. Tui zito la nazi liwe la siku maalumu, na siku nyingine litumike jepesi au karanga kidogo.

• Sukari ya chai ipunguzwe polepole: kutoka vijiko vitatu hadi viwili, wiki mbili baadaye kimoja, kisha nusu. Ulimi huzoea.

• Soda na juisi zibaki za sherehe. Mezani yawekwe maji, na tunda liliwe zima.

• Maandazi, vitumbua na chapati vihamie Jumapili. Siku za kawaida kifungua kinywa kinaweza kuwa yai na kipande cha kiazi kitamu, au maharage yaliyobaki jana.

• Chakula cha usiku kiliwe mapema kadiri inavyowezekana. Kilichobaki kihifadhiwe kama kiporo, kisimaliziwe na mama.

Familia nyingi zitagundua kuwa orodha hii inapunguza matumizi. Fedha ya soda mbili kwa siku inanunua mafungu kadhaa ya mboga.

Kahawa isiyo na sukari haina ubaya kwa wengi. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wanywaji wa kahawa huwa na makovu machache kwenye ini, ingawa hiyo haiigeuzi kuwa dawa. Pombe ni tofauti. Kwa mwenye ini lenye mafuta, salama zaidi ni kuiacha kabisa.

Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata kama mizani haijasogea. Mama anayepanda daladala anaweza kushuka vituo viwili kabla ya nyumbani. Mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kiti, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, husaidia kurudisha misuli ya mapaja.

Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Kushinda na njaa na kupungua kwa kasi kunaweza kuliumiza ini na kusababisha mawe kwenye nyongo. Mwenye kutumia dawa za kisukari au presha azungumze kwanza na daktari, kwa sababu chakula kikipungua ghafla sukari inaweza kushuka mno.

“Umekonda, unaumwa?”

Kikwazo kikubwa kwa wanawake wengi hakiko jikoni. Kiko kwenye midomo ya watu. Katika jamii nyingi mwili mkubwa wa mama ni ushahidi kwamba anatunzwa vizuri. Akipungua kilo 6, majirani wanaanza kunong'ona: anaumwa nini, au ndoa ina matatizo? Wapo wanawake waliorudia sahani kubwa ili tu maneno yaishe.

Mume ana nafasi kubwa hapa. Akisema mbele ya ndugu kwamba mke wake anafuata ushauri wa daktari na yeye anamuunga mkono, nusu ya maneno huisha. Akila sahani ileile bila kunung'unika, na watoto wakamwona, nusu nyingine inapungua.

Harusi, vikoba na misiba vitaendelea kuwapo. Mama hahitaji kukataa pilau na kumuudhi mwenyeji. Anaweza kuanza na kachumbari na nyama, akachukua pilau kidogo, akanywa maji. Mlo mmoja wa sherehe haujazi ini. Linalojaza ni la kila siku.

Vipimo, dawa na chupa za “kusafisha ini”

Sokoni na kwenye simu kuna matangazo mengi ya dawa za kusafisha ini. Hakuna mitishamba iliyothibitishwa kuondoa mafuta kwenye ini, na baadhi ya mitishamba na virutubisho vimewahi kuwadhuru watumiaji kwenye ini lilelile walilotaka kulitibu. Ini huvichuja vitu vyote hivyo, na likiwa tayari limechoka huongezewa mzigo.

Mama aliyeambiwa ana mafuta kwenye ini apimwe pia homa ya ini B na C, sukari, lehemu na vimeng'enya vya ini. Vimeng'enya vikiwa sawa si uthibitisho kwamba ini ni zima. Daktari anaweza kutumia umri, vimeng'enya viwili na idadi ya chembe zinazogandisha damu kukokotoa kiwango cha hatari ya makovu. Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa huwa mdogo. Likiwa juu, mgonjwa huhitaji kipimo cha kuangalia ugumu wa ini.

Dawa mpya zimeanza kupatikana. Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024 na semaglutide Agosti 2025 kwa wagonjwa ambao ini limevimba na limefikia makovu ya kati au makubwa. Zote huidhinishwa zitumike pamoja na mlo na mazoezi. Hakuna inayochukua nafasi ya sahani.

Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji, miguu ikivimba, mtu akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au akianza kuchanganyikiwa, asisubiri. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mama wa miaka 48 mwenye karatasi ya ultrasaundi mkononi, wiki ya kwanza haihitaji mambo mengi. Futi ipitishwe kiunoni na namba iandikwe kwenye daftari. Soda iondoke kwenye friji. Bakuli la sukari liondoke mezani, na ingefaa anayeliondoa awe baba.